Mahindi ya Zizini

Juzi nikipita Nkololo niliona mahindi yamestawi ndani ya zizi la zamani, nikasimamisha pikipiki. Harufu ya samadi iliyolowa mvua ilinirudisha kwenye alasiri niliyotoka hospitali.

Nilikuwa nimelazwa Bariadi muda mrefu, mguu umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. Matibabu yalikuwa yameacha kuwa ya bure. Hata glavu za daktari baba alizinunua dukani, nje ya geti. Mimi nilijua tu kwamba kila alipokuja shati lake lilinuka ng'ombe, nikaamini zizi letu limejaa.

"Madoa hajambo?" nilimuuliza, maana ndiye ng'ombe niliyempenda.

"Hajambo. Amezaa ndama jike."

Alasiri ile alinishusha kwenye baiskeli uani kwetu. Ndani ya zizi mahindi yalikuwa yamenizidi kimo. Kwetu zizi likihamishwa, la zamani hupandwa mahindi, kwa hiyo nilidhani ng'ombe wana zizi jipya.

"Baba, nichomee moja."

Mama aligeukia ukutani. Baba akavunja hindi, akalichoma, akanipa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwa amenidanganya. Madoa alizaa kweli, lakini kwenye zizi la tajiri aliyewanunua ng'ombe wetu wote, ambaye sasa baba alimchungia kama kibarua. Harufu ya shati ilikuwa ya ng'ombe wa mtu.

Lakini alasiri ile nilikula nikabakiza gunzi, nikamwambia mwakani apande tena humo humo.

"Nitapanda," akasema.