Nilivyoficha devkit ya console mpya Buyenzi wakati wa vita, akakamatwa rafiki yangu

Wakuu, salamu kwenu, wa Bujumbura na wa mbali.

Mimi ni mzee, akaunti hii kanifungulia mjukuu. Naona vijana humu mnalalamika kwamba kampuni za console hazitoi devkit kwa watu wa kwetu. Mimi niliwahi kupewa, tena vita ikiendelea. Nitaeleza bila kuongeza chumvi, na nilipokosea msinitetee.

Kwa asiyejua: devkit ni mashine wanayopewa watengenezaji wa michezo kabla console yenyewe haijafika madukani. Ndani haina mchezo. Mchezo unautengeneza wewe.

Nilikuwa na ukumbi wa michezo Buyenzi. Televisheni chache, console za zamani, watoto wamejaa mpaka couvre-feu, saa ya kutotoka nje, ikaribie na mama zao waje kuwavuta masikio.

Sekondari nilimaliza. Kompyuta nilijifundisha kwa kitabu cha Kifaransa kilichokosa kurasa za mwanzo, ndiyo maana hadi leo najua kuzima kuliko kuwasha.

Nikaiandikia kampuni kutoka cyber ya mjini. Nikasema mimi ni directeur wa studio. Karakana ya rafiki yangu Shabani, mchomeleaji wa jirani, nikaiita idara ya ufundi. Mama Zuhura, aliyekuwa anakaanga maandazi mlangoni petu, nikamwandika huduma kwa wafanyakazi. Huo sikuuona kama uongo. Alikuwa anatulisha kweli.

Wakakubali. Nadhani mtu wa kule hakuwa anasikiliza habari.

Sharti lilikuwa moja: niweke sahihi kwenye karatasi ya kutunza siri. Asiye wa studio asiione mashine, asisikie jina lake, na ikae kwenye chumba chenye kufuli.

Marehemu baba alitulea akisema sahihi ya mtu ni shingo yake. Nikasaini, nikawa nimesaini.

Mlango wa chuma kwenye avenue yetu ulikuwa mmoja tu, wa stoo ya Shabani. Nikamwomba.

"Unaweka nini?"

"Siwezi kusema."

"Iko hatari?"

"Hapana."

"Basi weka."

Hakuuliza tena. Ndivyo alivyo.

Sasa mnielewe. Siku zile kila mtu alijua chini ya kitanda cha nani kuna nini. Guruneti mtu angekuonyesha kama anavyokuonyesha saa mpya. Mtaa mzima, kitu pekee kilichofichwa sawasawa kilikuwa mashine ya kuchezea.

Niliiingiza imeviringishwa kwenye godoro, na humo ndimo nikawa najifungia kuifanyia kazi. Feni yake ilikuwa na kelele. Mama Zuhura akawa anawaambia wateja, "Ile kitu inapumua. Mi nakaa hapa karibu na mulango, naisikia inapumua."

Wengine wakasema ni redio ya waasi. Wengine, mashine ya kuchapa pesa. Mzee mmoja aliniletea karatasi nyeupe, kwa heshima kabisa, akaniomba nimfikirie.

Kisha akaja mtu wa milimani, kwa waasi, mpole, akauliza hiyo kitu inarusha mpaka wapi. Nikamwambia siruhusiwi kuizungumzia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Haikupita muda, akaja sajenti aliyevaa kiraia. Swali lile lile. Nikampa jibu lile lile, naye akatikisa kichwa. Nikajiona mtu makini sana.

Askari wakaja kumchukua Shabani, maana stoo ni yake. Mlango hawakuufungua, waliogopa usilipuke. Wakaacha mlinzi, naye akasimama mbali.

Kule posteni, kwenye kituo chao cha kijeshi, wakamuuliza, "Ndani muna nini?"

"Sijui."

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyeiamini.

Wakuu, hapa ndipo kosa langu. Mimi nilijua. Poste ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu. Nilikaa ukumbini nasoma ile karatasi upya, natafuta kifungu kinachohusu rafiki kukamatwa. Hakikuwamo. Nikajiambia kesho watamwachia. Kesho yake nikajiambia hivyo hivyo. Na nilijua vizuri kwamba waliochukuliwa siku zile si wote walirudi.

Akaja Mwajuma, mke wake. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni.

"Shemeji, we unajua. Nakuangalia tu, naona unajua."

Nikainuka.

Kule posteni komanda alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mchezo," akasema.

"Ndiyo, komanda."

"Mutu amelala hapa, amepigwa, juu ya mchezo."

"Ndiyo, komanda."

"Twende unionyeshe. Kama si mchezo, mutabaki wawili."

Avenue nzima ilikimbilia mwisho wa barabara, isipokuwa Mama Zuhura, ambaye mafuta yake yalikuwa motoni.

Tatizo ni hili. Kwa miezi yote ile, kwenye kompyuta niliyoinunua kwenye ofisi moja ya Kinanira iliyofungwa wageni walipoondoka, nilikuwa nimefanikiwa kutengeneza mraba wa kijivu. Unasogea. Siku nyingine unakataa.

Umeme ulikuwapo. Mraba ukatokea. Komanda akashika manette, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, akausogeza kushoto, akausogeza kulia.

"Na nani anakufa?"

"Hakuna anayekufa, komanda."

"Adui hakuna?"

"Bado, komanda."

Akausogeza juu, akausogeza chini. "Sasa huo ni mchezo gani," akasema, lakini manette hakuiachia. Nyuma yake askari wakapanga foleni.

Shabani aliachiwa jioni ile. Alichelewa kidogo, kwa sababu mwenye funguo za mahabusu alikuwa kwenye foleni na hakutaka kupoteza zamu.

Niliiandikia kampuni kwamba siri imevuja. Wakajibu: kila aliyeiona mashine asaini karatasi ile ile. Nikazunguka. Komanda akasaini na kugonga muhuri. Askari wakasaini. Mama Zuhura akaweka dole gumba lenye mafuta.

Akabaki Shabani. Alitoka kule sikio moja limekufa. Aliketi mbele ya mashine, akausogeza mraba mpaka kona ya skrini.

"Ni hiki?"

"Ni hiki."

"Ungeniambia, sha, ningenyamaza na sababu. Mi nilinyamaza bure."

Kalamu hakuishika. "Mi nilishakufichia bila karatasi."

Kwa kukosa sahihi hiyo moja kampuni ikadai mashine yake. Niliiviringisha kwenye godoro lile lile, sikubishana.

Funzo langu, vijana: niliilinda sahihi, sikumlinda mtu. Ukimpa mwenzako mzigo wa siri, mwambie anabeba nini. Akikataa, ana haki.

Shabani bado anachomelea. Nikipita na mfuko ananiita, hata mbele za watu: "Mzee, ndani muna nini?" Nasimama, naufungua, natoa kimoja kimoja. Mkate. Dawa za presha. Nguo za ndani. Anaangalia vyote, halafu anasema, "Haya, pita."

Wewe ungekwenda posteni siku ya kwanza, au ungesoma karatasi kama mimi? Semeni, hata kwa ukali. Nitawajibu nikirudi. Natoka kwenda sokoni sasa hivi, na njia ni ile ile ya kwake.