Mkeka wa Baba Mdogo

Juzi mvua ilitunyeshea sote tukienda kazini Kacyiru, na mwenzangu mmoja akaingia ofisini na sweta ya sufu iliyolowa chepechepe. Watu wakaziba pua. Mimi nikasogeza kiti karibu. Harufu ya kondoo aliyenyeshewa ndiyo harufu ya nyumbani kwa bibi mzaa baba, kwenye kilima upande wa Kicukiro, wakati kule kulikuwa bado mashamba.

Wazazi wangu walikuwa na cherehani na chumba kimoja tu mjini, huko Rwezamenyo, kwa hiyo nililelewa na Bibi pamoja na baba mdogo Saidi, kitinda mimba wake, aliyechunga kondoo. Majirani walifuga ng'ombe, na kwa mila yao nyama ya kondoo hawakuigusa kabisa. Sisi Waislamu tulikula mpaka tukaramba vidole. Hata hivyo majirani hao hao walikuja kumwazima kondoo wetu mmoja alale na ng'ombe wao, maana waliamini kondoo huleta amani zizini. "Munamupenda akiwa muzima," baba mdogo aliwatania, "akiingia kwa sufuria munakimbia!"

Kisha vita vikaanza kaskazini, na asubuhi moja baba mdogo hakuwepo. Bibi alisema amekwenda kutafuta kazi, nisiulize tena. Mkeka wake ukakunjwa ukasimamishwa pembeni. Kondoo nikawachunga mimi, huku nikilia, kwa sababu nikiwaita hawakugeuka hata shingo.

Siku ya sensa niliamka nikakuta mkeka umetandikwa na blanketi limevurugwa. Amerudi! Nilikimbia zizini pekupeku. Zizi lilikuwa tupu, nikajua amewapeleka kondoo malishoni kama zamani. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Mwalimu Faustini, aliyenifundisha shuleni, ndiye aliyetumwa kuhesabu watu wa kilima chetu. Baba yake Bibi alikuwa mfanyabiashara kutoka Ujiji, na kwa Bibi palizungumzwa Kiswahili tu, kwa hiyo mwalimu akajikongoja na kile chake cha sokoni.

"Mama, jana usiku hapa walilara watu ngapi?"

"Watatu," Bibi akasema. "Mimi, mjukuu wangu na Saidi."

"Na Saidi iko wapi sasa?"

Nikamwahi Bibi. "Iko na kondoo, mwalimu! Amerudi! Kuja uone mukeka yake!"

Mwalimu aliinama mlangoni akautazama mkeka kwa muda. Bibi alikuwa ameushika upindo wa kanga yake kwa mikono miwili. Hatimaye akaandika.

"Basi ni watatu," alisema. "Akifika, umwambie mwarimu anamusalimia."

Nilikaa mlangoni pa zizi kutwa nzima. Jioni kondoo walirudi, wakiswagwa na jirani. Nilipomuuliza Bibi, alinibeba mgongoni mpaka ndani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa.

Miaka mingi baadaye ndipo aliponieleza. Vijana walikuwa wakivuka mpaka kwa siri kwenda kupigana dhidi ya serikali, na nyumba iliyoonekana kupungukiwa kijana iliingiliwa na askari, wakaondoka na waliobaki. Alfajiri ile Bibi aliwapeleka kondoo kwa jirani, akarudi akatandika mkeka kwa mikono yake. Mwalimu alijua yote, kwani mdogo wake mwenyewe aliondoka pamoja na Saidi. Mtu pekee aliyesema kwa moyo mweupe pale mlangoni nilikuwa mimi, na furaha yangu ndiyo iliyompa mwalimu la kujibu endapo wakubwa wake wangemuuliza.

Baba mdogo hakurudi. Hakuna aliyeweza kutuonyesha kaburi lake, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Tangu alipoondoka, sijui alilala wapi hata usiku mmoja, isipokuwa ule mmoja ulioandikwa na serikali: alilala nyumbani, kwa mama yake.