Glavu za Kipa wa Visiwa

Kipa wa Timu ya Visiwa hatulii. Hata kwenye treni ya kwenda uwanjani Alby, huku ughaibuni, mkewe Zuwena humwona akijipiga ngumi kiganjani, pa, pa, mpaka abiria wanageuka. Vidole viwili vimepindishwa na mipira ya kriketi, na ndivyo hukunia kidevu akipanga kikosi, maana unahodha nao ni wake. Mafia ametoka yeye peke yake. Wengine ni wa Unguja, Pemba na Ngazija, na kila kisiwa kinadai haki yake. Leo Wapemba wamegoma kuvaa jezi. Wamepangwa wawili tu, na mwenzao anayedaka vizuri kaachwa nje. Kipa akauzunguka uwanja mzima, akarudi, akavua glavu, akamkabidhi yule aliyeachwa.

“Na Mafia je?” Mpemba mmoja akauliza, sauti imeshuka.

“Mafia leo itagawa chai.”

Zuwena akammiminia mumewe kikombe. “Keti basi, Baba Idarusi.”

Hakuketi. Chai ikapoa nyasini. Kila mpira ulipompita mpigaji, viganja vitupu vya Kipa vilijifumba hewani, kabla glavu hazijaudaka.