Nusu ya Kichwa cha Mama

Mama aliniomba nimchore kwa sababu picha ya kitambulisho chake, alisema, ilimfanya afanane na mtu aliyekamatwa. Mimi nafundisha shule ya msingi Izia, na mwaka huu nimepewa somo la sanaa ambalo silijui. Nikaona hapa ndipo nitakapojifunzia. Jumamosi nikaenda kwake Kasense na karatasi, penseli na kifutio, nikamkalisha nje kwenye kigoda, amejifunga kitambaa chake kichwani kama kawaida.

Kanuni niliitoa kwenye video moja ya simu. Kijana mmoja mwenye sauti ya upole alieleza kwamba macho hukaa katikati kabisa ya kichwa, nusu juu, nusu chini. Masikio yaanzie usawa wa nyusi, yaishie penye pua. Rahisi. Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikampima mama kwa penseli kutoka juu hadi kidevuni, nikagawa mara mbili, nikaweka macho hapo.

Akatoka mtoto mchanga. Paji la uso pana kama ungo, pua na mdomo vimebanana huku chini. Nikafuta, nikapima upya, macho yakaangukia palepale. Nilipoiacha kanuni na kuyapandisha mpaka pale nilipoyaona, alianza kufanana na mama, ila nikipima, si nusu. Nikafuta tena. Kati ya simu na mama, mmoja alikuwa ananidanganya, na sikuelewa ni yupi. Mimi ni mwepesi wa hasira. Karatasi ya tano niliichana.

Jirani, mama mmoja aliyehamia kutoka Mbeya, alipita akachungulia. "Mwalimu, mbona umemfunga kichanga kilemba?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Alipoondoka, mama, ambaye hakuwa amecheka, aliniuliza taratibu, "Hivi mwanangu, huwa unaniangalia kweli?"

Swali lile liliniuma. Nina miaka thelathini na sita ya kumwangalia. Nikaingia ndani, nikaifungua tena ile video, na kwa mara ya nne ndiyo nikaona: mtu anayechorwa mle amenyoa kipara. Kichwa chake chote kiko wazi. Mimi nilikuwa naanza kupima kwenye pindo la kitambaa cha mama, kana kwamba kichwa chake kinaanzia pale.

"Mama, naomba ukitoe kitambaa kidogo, nipime."

"Kichwa changu hakina cha kuchora."

"Dakika moja tu, mama."

Mkono wake ukaenda kwenye fundo. Hapo nikagundua kwamba sijawahi kukiona kichwa chake kikiwa wazi. Sisi wanawe tulimkuta asubuhi amejifunga, na alilala amejifunga, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini. Akafungua fundo, akainamisha uso.

Utosini hapakuwa na nywele. Palikuwa na kiraka kipana kama kiganja, ngozi inang'aa, pembeni mvi fupifupi.

"Ni ndoo," alisema. "Maji ya kufyatulia matofali ya nyumba hii. Kutoka kijitoni, kiangazi kizima, na wewe mgongoni. Nywele zikanyonyoka. Nilidhani zitaota."

Sikujua niseme pole au asante, nikanyoosha penseli. Kisha nikapima, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililoweza kufanya. Kutoka utosini hadi kidevuni, macho yalikuwa nusu kabisa. Nikachora kila kitu, hata kile kiraka, na uso ukaja wenyewe.

Mama aliishika karatasi kwa muda mrefu. "Huyu ni mimi," alisema. Halafu akanirudishia. "Sasa nifunge kitambaa humo."

Nikaanza kumfunga kwa penseli, mkunjo baada ya mkunjo, juu ya kitu kilichonichukua umri wangu wote kukiona. Sikujua kama namchora au namficha. Nilipofika kwenye fundo machozi yakanitoka, na mama akasema niwe mwangalifu, nitalowesha karatasi.