Jina Lililochomwa kwenye Vijiti vya Lesi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mate yananigeukia uchungu mdomoni. Nitaifikia. Kwanza tuseme habari ya vijiti vya kusukia lesi, hivi tunavyovizungushia uzi, maana jana uliniletea vyako vipya, nikaviangalia, nikanyamaza. Ulidhani sikuvipenda.

Nilipokuwa na umri kama wako, hapa hapa Kamina, nilijifunza kusuka lesi kwa Mama Ngoie, kwenye baraza nyuma ya kanisa. Yeye alifundishwa na wanawake wa misheni, akawapita. Hakuwa mpole yule mama. Ukichanganya vijiti alikudunga kidole kwa pini, kisha akakuonyesha upya. "Ubibebe biwili biwili, sawa bibi na bwana," alisema, maana vijiti hushikwa jozi jozi. Jozi inayotembea, ile inayovuka lesi toka ukingo mpaka ukingo, alitufungisha ushanga mwekundu ili jicho lisihangaike kuitafuta. Jozi zinazongoja tulizifunga kwa kitambaa na kuzilaza pembeni ya mto wa kusukia, ule tunaoupakata mapajani. Ukiitwa na mtoto au na chungu jikoni, usiinuke kabla hujavibana kwa pini kubwa na kufunika mto, kwa sababu kuku hajui lesi, na mtoto hamzidi kuku. Hayo nimekufundisha, na unayashika vizuri.

La mwisho sikukufundisha kwa kuwa linaniuma. Vijiti vya Mama Ngoie vilikuwa na alama ya jino shingoni, kila kimoja. Alikiuma kijiti kabla hajakivalisha uzi. Sisi wasichana tulimcheka, tukasema bibi huyu anatafuna kuni.

Nikaolewa na Ilunga, karani wa reli. Nisikudanganye, alikuwa mtu mwema na alinipenda. Jioni akitoka kazini alinichongea vijiti, laini, kila kimoja sawa na mwenzake. Na kwa kuwa alipenda kila kitu kijulikane ni cha nani, alitia msumari motoni akachoma jina lake juu ya kila kijiti, kama alivyolichoma kwenye shoka, viti na sanduku. Nilifurahi. Niliona ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi.

Mama Ngoie alikishika kimoja, akakigeuza, akakirudisha juu ya mto.

"Mikono iko ya nani?" akaniuliza.

"Yangu, mama."

"Na jina iko ya nani?"

"Ya bwana yangu. Miye na yeye tuko kitu moja."

"Muko kitu moja mpaka siku bandugu yake batafika. Uma bijiti yako, weye mutoto."

Moyoni nilisema huo ni wivu wa mjane. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Miguu yangu mimi ilibaki mizima, kilichovunjika utakisikia.

Ilunga alikufa kwa homa, mvua zilipoanza. Kilio hakijaisha, ndugu zake wakafika kutoka Kabongo, mbele yao shemeji yangu mkubwa. Nyumba ilikuwa imejaa: makarani wenzake marehemu, walimu, mchungaji wetu. Shemeji akaanza kutoa vitu nje. Shoka. Viti. Sanduku. Niliviacha viende, jina lilikuwa la marehemu, nami nilikuwa nimechoka kulia.

Kisha akaufikia mto wangu. Juu yake palikuwa na lesi ya kitambaa cha meza ya Bwana, kanisa letu lenyewe ndilo lililoniagiza, na imebaki kidogo tu kwisha. Hapo nilisimama. Ule mto ndio uliokuwa shamba langu: wake wa askari kule kambini walinunua kwangu mapazia na shela, na watoto wangu walikula. Vijiti vikiondoka, nilijua nimebaki na watoto na mikono mitupu.

"Hii hapana, shemeji. Hii iko kazi ya mikono yangu."

Akainua kijiti kimoja, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akasoma polepole wote wasikie. "I-lu-nga. Kama iko byako, jina yako iko wapi?"

Niliwatazama wale makarani na walimu, watu waliosoma. Siku hiyo kusoma kwao kuliishia kwenye jina lile. Nikamtazama mchungaji.

"Mama," akasema, "tuchunge amani mu kilio."

Shemeji akatoa kisu, akakata nyuzi, akavimwaga vijiti vyangu ndani ya gunia. Lesi ya meza ya Bwana ilibaki inaning'iniza nyuzi kama ndevu, na mchungaji akaangalia viatu vyake. Mungu anisamehe, mpaka leo nikipokea ushirika nakumbuka vile viatu.

Kilio kilipokwisha, Mama Ngoie alikuja. Hakusema "nilikuambia," na hilo liliniuma kuliko kama angesema. Aliniwekea mapajani konzi ya vijiti vyake, vile vya meno. "Anza na hii," akasema, akaondoka. Kwa konzi moja huwezi kusuka pana. Nilisuka lesi nyembamba, na watoto wangu wakala kwa kadiri ya upana wake.

Miaka ikapita. Nilikwenda Kabongo kuzika mtu wa ukoo ule ule, maana msiba haususiwi. Uani nikaona mbuzi amefungwa kamba, na kilichoshika kitanzi ni kijiti changu. Jina bado lasomeka. Nikamwomba wifi yangu anirudishie.

"Hii? Hii iko ya marehemu," akasema. "Tunaichunga juu ya kumukumbuka."

Na mbuzi akaendelea kuiburuta ile kumbukumbu katika mavi yake. Sikuomba tena.

Siku hizi mnaniambia iko sheria ya wajane. Ni kweli, na siku ukiihitaji ikimbilie. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Sheria iko ofisini, mashemeji wako mlangoni.

Sasa unajua kwa nini nilinyamaza jana. Mchumba wako ni kijana mzuri, na vijiti alivyokuchongea ni vizuri kuliko vya Ilunga. Juu ya kila kimoja ameandika jina lake. Usimgombeze, mwanangu, wangu pia hakuwa na nia mbaya, na nia yake nzuri haikunilishia mtoto. Mshukuru, kisha mwombe msasa, mlifute pamoja. Akikataa, umejua jambo kabla ya harusi.

Funga jozi zako, ivishe ushanga ile inayotembea, funika mto ukiinuka. Hayo yatakulinda na kuku. Lakini alama iwe ya mwenye mikono. Mtu akija kuuliza ni vya nani, usibishane naye. Kitie kijiti mdomoni mbele ya watu wote, waone meno yako yanavyoingia ndani ya alama yake.

Ningeviuma mimi mwenyewe kwa ajili yako, ila sina jino lililobaki, na hata ningekuwa nalo, vingekuwa vyangu tena, si vyako. Mungu akupe mume wa kuzeeka naye, akupe lesi pana na watoto walioshiba, na akuachie meno yako. Haya, sogea hapa karibu. Uma, anza na hiki.