Zamu Tatu za Salah

"Maiti hadaiwi maji! Ungesema kule makaburini. Au siku ile ulimi ulikuwa na kufuli?"

Ndivyo Raho alivyomkaribisha Abdinoor, hata salamu yake hajaiitikia. Alisimama katikati ya mipapai yake, mikono kiunoni. Abdinoor alikuwa ng'ambo ya mfereji, kofia mkononi, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Abaayo Raho, dada yangu, nisikilize."

"Nimeshakusikiliza na sijasikia la maana. Mume wangu alichukuliwa na mamba akizibua bomba. Bomba la nani? Lake peke yake? Shamba lako halinywi hapo hapo? Leo unakuja kumdai!"

Mimi nilikuwa napalilia kunde zangu shamba la pili, na sitajifanya kwamba sikusikia. Nusu ya Balambala ilisikia.

Mashamba yetu hapa kando ya Tana hunywa kwa pampu moja. Kila shamba lina zamu yake katika wiki, pampu ikiwaka asubuhi mpaka adhuhuri. Kiangazi kilichopita Salah, mume wa Raho, alimwomba Abdinoor zamu tatu ili miche yake ya mipapai isife. Akaahidi kuzirudisha vitunguu vya Abdinoor vikishikwa na kiu. Walishikana mikono, yakaisha. Halafu takataka zikaziba mdomo wa bomba huko mtoni, Salah akaingia majini kuzitoa, asitoke. Alipatikana chini kabisa, kule mto unakopinda. Kilichobaki ndicho tulichozika.

Siku ya mazishi imamu aliuliza, kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu aseme, au asamehe. Abdinoor alinyamaza. Baadaye aliniambia kwamba alishindwa kutaja maji mbele ya mtu aliyeuawa majini. Sasa vitunguu vyake vilikuwa vinakauka, na aibu nayo ikakauka. Simlaumu. Lakini simsifu pia.

Raho ni mtu wa Eldas, mwanamke wa ng'ombe na ngamia. Ukame ulipowamalizia mifugo, yeye na Salah na binti yao Warsan walishuka mtoni kulima. Jamaa zao waliwacheka, eti wamekwenda kuparura udongo kama kuku. Hata mwaka haujaisha, Salah akafa. Raho akakaa eda ndani ya nyumba, amevaa nyeupe, na sisi majirani tukamnyweshea mipapai kwa zamu yake. Mama mkwe wake, Kaaha, alikuja mazishini akabaki. Mchana kutwa alikaa mlangoni na tasbihi yake, haongei na mtu. Warsan naye, msichana wa miaka kumi na tatu, aliyakataa maji. Hata mfereji wa kuvuka kwa hatua moja hakuuvuka. Alikaa uani kwenye ua wa miiba akiwafukuza nyani kwa mawe.

Raho alipotoka edani, mipapai ilikuwa imempita kimo na inachanua. Siku hiyo nilimwona akitabasamu. Mingine ilikuwa na maua mengi ajabu, yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama herini. Hiyo ndiyo miti aliyoipenda. Akaizidishia maji, akaizidishia samadi ya mbuzi. Mimi nikamwambia ukweli.

"Abaayo, unanenepesha madume."

"Madume gani?"

"Mpapai dume huchanua hivyo, wala hauzai. Jike maua yake hukaa karibu na shina. Kata hayo, bakisha mawili ya kupandishia. Wewe si mfugaji? Zizi la madume matupu lina faida gani?"

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Haikatwi. Salah aliipanda kwa mkono wake. Sina kitu kingine alichokigusa na bado kinakua."

"Na Warsan?" nikamuuliza.

Akaninunia wiki nzima.

Basi jioni ya siku ile Abdinoor alipokuja kudai, Raho alikuja kwangu mwenyewe. Akakaa juu ya debe, akaanza kuchora chini na kijiti.

"Ni kweli roho ya mwenye deni hutundikwa mpaka deni lilipwe?"

"Mimi nimesoma mpaka la saba tu. Kamuulize Maalim."

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

Aliendelea kuchora mpaka kijiti kikavunjika. "Nikimpa zamu zangu, miti inakufa. Nisipompa, Salah atapumzika vipi? Nimemtukana Abdinoor, walaahi, lakini anadai haki yake. Nilikuwepo walipopeana mikono."

"Nusu ya maji yako inanywewa na madume."

"Usianze."

"Sijaanza. Nimemaliza."

Kaaha alikuwa amemfuata mkwewe pole pole, amesimama nyuma yetu, na sisi hatukumwona. Alisikia yote.

Asubuhi yake nilimkuta Kaaha kwenye mipapai kabla yangu, panga mkononi, kanzu ameifunga kiunoni. "Wewe mama wa mtoni," akaniita, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusema nami. "Hii babai, dume ni ipi?"

Nikamwonyesha mipapai dume. Raho akatoka nyumbani mbio, hata shungi halijakaa sawa.

"Hooyo, mama yangu, usikate! Huo ni mkono wa Salah!"

"Mkono wa Salah niliushika mimi kabla yako," Kaaha alisema. "Ulikuwa mdogo, hivi. Huu ni mti. Mwanangu yuko chini, ana deni, na wewe unanywesha mti."

Akapiga panga. Shina la mpapai ni laini, lakini mkono wa kikongwe hauna nguvu, panga likazama na kukwama. Akalivuta, likagoma. Utomvu mweupe ukamtiririkia vidoleni. Akavuta tena, na ndipo nilipoona kwamba bibi huyu hakuwahi kulia mbele yetu hata siku moja. Alikuwa analia sasa.

Raho akamshika mkono. Nilidhani anamzuia. Kumbe alilichomoa panga, akalinyanyua, akaukata mti ule kwa pigo moja. Akaenda wa pili. Kila pigo na neno lake, na maneno yote alikuwa akimwambia Salah. "Nani alikutuma? Hukuona watu wa kuwaita? Uliniacha na nani? Eti bomba! Bomba!" Nimesikia wanawake wengi wakiwalilia waume zao, wengi wao wakiwasifu. Huyu alimgombeza mumewe mpaka sauti ikakauka, na hakuna hata mmoja wetu aliyemnyamazisha.

Warsan alisimama uani akisikiliza. Bibi yake alipokaa chini kwa kizunguzungu, yule msichana alikuja mbio, akaruka mfereji, akamwegemeza kifuani. "Ayeeyo, ayeeyo." Baadaye akaanza kuburuta mashina kuwapelekea mbuzi.

Walibakisha madume mawili. Shamba likaonekana kama kinywa kilichong'olewa meno, na Raho hakulitazama siku mbili. Lakini zamu yake ilipofika, majike yaliyobaki yalishiba maji ilipofika saa nne tu ya asubuhi. Akaziba upande wake kwa udongo, akafungua upande wa vitunguu.

"Nusu zamu kila wiki," alimwambia Abdinoor. "Mpaka zitimie."

Abdinoor alichukua. Hakusema usijali, hakusema basi. Wiki baada ya wiki alichukua, vitunguu vikainuka, na Raho hakumpa salamu wala chai.

Wiki ya mwisho, Warsan akiwa ameshika jembe kwenye mfereji, dizeli ikaisha kabla ya adhuhuri. Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Maji yakapungua mpaka yakawa matope.

Abdinoor akapangusa mikono. "Kilichobaki nimesamehe."

"Mtaje jina," Raho alisema. "Na upaze sauti, mama yake yuko mlangoni."

Abdinoor akageukia nyumba. Akasafisha koo.

"Salah mwana wa Maow," akasema kwa nguvu, "sikudai kitu. Si duniani, si akhera."

Kaaha akainua viganja vyake. Raho akasema amina, akamwambia Abdinoor avuke, kuna chai.