Kengele ya Kijumba cha Vali

Kazini tulimwita Taratibu, maana hakuna fundi wa kuchomelea aliyetuchosha kama yeye. Bomba la haidrojeni halitaki haraka: chuma kikipoa ghafla baada ya kuchomelewa huwa kigumu kupita kiasi, na gesi hiyo hukitia nyufa. Kwa hiyo Taratibu alilipasha bomba moto kwanza, akachomelea, kisha akakifunika kiungo kwa blanketi maalumu, akakaa hapo hapo kukilinda. Chakula tulimpelekea.

Ndiyo maana niliumia kengele ilipoanza kulia juu ya kiungo chake. Kila asubuhi, ndani ya kijumba cha vali, kifaa cha kunusa gesi kilipiga kelele. Tulipaka povu la sabuni, hatukuona hata kiputo cha gesi inayovuja. Kesho yake, kelele tena. Haidrojeni haina harufu, na moto wake mchana hauonekani, kwa hiyo wakubwa hawakutaka mjadala: kiungo kikatwe Ijumaa, na Taratibu asishike tena mashine ya kuchomelea. Miaka thelathini na moja ya kazi, iishe hivyo! Aliacha hata kututania.

Kazi yangu ni kupima, na nina kichwa kigumu. Alhamisi niliwahi kabla mlinzi hajamaliza zamu, nikaingia na kipimo cha mkononi. Kwenye kiungo, sifuri. Nilipolisogelea kabati la pembeni, namba zikapanda. Ndani ilikaa betri ya gari, inachajiwa. Betri ya namna hiyo ikichajiwa hutoa haidrojeni ileile, hasa inapokaribia kujaa.

Mwenye betri alikuwa mlinzi mwenyewe, kaka wa mke wa Taratibu.

"Naiweka jioni, naitoa nikienda nyumbani," alisema. "Bila hivyo gari langu haliwaki. Sikujua ina madhara."

Wenzetu walipofika, msimamizi alimfokea, na alistahili. Cheche moja tu ingetumaliza. Taratibu akamgeukia.

"Shemeji, umenizika mzima mzima kwa ajili ya gari la kusukumwa?"

Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Moyo wangu ulitulia kabisa. Kisha akampigia mkewe, na simu yake ile ya sauti kubwa tuliisikia sote.

"Mama watoto, si kiungo changu. Kiko salama."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Sikujua, baba. Nilikuwa naogopa kukuuliza."